Kukagua Gari si Kudhania Watu Vibaya

Gari la nyumbani siku hizi si pambo la matajiri peke yao. Sisi walimu wa madrasa nasi twalihitaji, kwa ajili ya mgonjwa usiku, watoto wakati wa mvua, na safari za mazishini. Lakini jipya hatuliwezi. Twanunua lile lililokwisha tumika Japani miaka mingi, kisha likapita mikononi mwa watu wawili watatu hapa kwetu. Basi leo twataka kuwasimulia yaliyotupata, huenda kijana anayejiwekea akiba akafaidika nayo.

Mwaka 2014, hapa Tanga, tulinunua Toyota Corolla kuukuu kwa mtu tuliyekuwa tukisali naye safu moja. Tulikwenda kwake baada ya sala ya Isha. Gari tulilikuta lina moto, ametoka kuliendesha. Tuliona haya kufunua boneti mbele yake, tukajiambia kuwa kumkagua Mwislamu mwenzetu ni kumdhania vibaya. Tukahesabu fedha, tukapeana mikono, tukarudi nyumbani tukishangilia.

Mwezi haukutimia. Tulikuwa njiani kwenda Korogwe pamoja na watoto, gari likachemka karibu na Muheza, maji yote ya rejeta yakaisha. Fundi alipolifungua alituonyesha: gasketi imekatika, na silinda hedi imepinda kwa moto wa siku nyingi. Fedha za kulitengeneza tulizitoa katika ada ya shule ya mwana wetu, naye akakaa nyumbani muhula mzima. Jambo hilo hatujalisahau, wala yeye hajalisahau.

Tulikasirika. Twakiri kwamba zilipita wiki tusimwitikie yule bwana salamu kwa moyo safi. Siku tulipomkabili alijibu neno moja tu: "Maalim, hukuniuliza."

Neno hilo lilitukaa kifuani. Yeye alikosa kwa kuficha; lakini sisi je? Tulikuwa tukiwasomesha watoto kila mwaka kisa cha Mtume wetu (S.A.W.) alipopita penye rundo la nafaka sokoni, akatia mkono ndani, vidole vyake vikapata majimaji, akamlaumu mwenye mali kwa kuificha ile iliyoroa chini ya iliyo kavu. Miaka yote tulikuwa tukikaza sauti penye lawama kwa mdanganyifu. Hatukuzingatia ya kwamba kabla ya lawama Mtume alitia mkono. Kukagua basi si dhana mbaya. Dhana mbaya ni kumhukumu mtu pasipo kutazama. Mwenye kutazama humwondolea mwenzake tuhuma, na hujiondolea mwenyewe majuto.

Ilipofika mwaka 2021, tulipotaka gari kubwa kidogo kwa kuwa watoto wameongezeka, tulikwenda kwa njia nyingine. Tulimchukua fundi tunayemjua sisi, si wa dalali, tukamlipa ujira wake. Tulikwenda asubuhi, na tulimwomba mwenye gari asiliwashe kabla hatujafika, kwani injini iliyopoa haifichi maradhi yake. Fundi alifungua kifuniko cha oili: ukiona utando mweupe kama maziwa, huenda maji yamechanganyika na oili. Alifungua na rejeta, nayo hufunguliwa ikiwa baridi tu, maana yenye moto humwunguza mtu. Kisha gari likawashwa, naye akasimama nyuma kutazama moshi. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Mweupe mzito usiokoma hata injini ikipata moto ni dalili ya maji kuingia ndani. Mweusi ni mafuta yanayozidi kiasi.

Akapitisha sumaku juu ya bodi. Mahali isiposhika pana puti chini ya rangi, yaani paligongwa pakazibwa. Akalala chini kutazama kutu, kwa sababu hewa ya chumvi ya pwani yetu hula chuma polepole. Akavuta mikanda ya viti mpaka mwisho kutafuta matope, alama ya gari lililoingia mafurikoni. Akatazama matairi: yaliyolika upande mmoja hueleza habari za bushi na shokapu, na tarakimu nne zilizopigwa ubavuni hutaja wiki na mwaka wa kutengenezwa, 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Nambari ya chesisi iliyochongwa katika chuma tukailinganisha na ya kwenye kadi, tukauliza na madeni ya faini za barabarani. Mwisho tukaliendesha kwa muda, mlimani na penye mashimo, redio imezimwa. Tuliona kasoro mbili, tukazitaja kwa adabu, bei ikashuka, tukaachana kwa wema.

Likabaki lile la kwanza, nalo tulitaka kuliuza. Akaja kijana aliyesoma madrasani kwetu tangu alifu. Tukamwambia alikague. Akainamisha kichwa: "Maalim, mimi nikukague wewe?" Akaanza kutoa fedha.

Nasi tulijua kwamba giaboksi ya gari lile huchelewa kushika injini ikipata moto. Twasema kweli, ulimi ulikuwa mzito. Fedha zile tulikuwa na haja nazo, na nafsi ikatunong'oneza jawabu iliyo tayari: hakuuliza. Lo! Lilikuwa neno lile lile tulilolichukia kwa miaka saba.

Tukamwita ndani ya gari, tukaliendesha pamoja mpaka lilipopata moto, akalihisi mwenyewe. Bei ikapungua shilingi 700,000. Mama wa watoto wetu aliguna usiku ule, kisha akasema, "Afadhali. Ada ya mtoto wa mtu haitatulilia." Kijana akalitengeneza kwa bei aliyoijua tangu mwanzo, na mpaka leo akitukuta njiani husimama kutuamkia.

Enyi vijana wetu, msione haya kufunua boneti ya mtu yeyote, awe mwenye kilemba au mwenye kofia, hata akiwa mwalimu wenu. Nanyi wenye kuuza, msingoje kuulizwa. Mtume ametufundisha kwamba wawili wakisema kweli na kubainishiana, hubarikiwa katika biashara yao. Na wakificha, baraka huondoka. Fedha iliyopungua kwa kusema kweli huonekana mara moja. Baraka iliyoondoka haionekani ila baadaye, barabarani, watoto wakiwa ndani ya gari.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wakweli katika kuuza na kununua. Amin.