Juni pia bibi yupo

Wazazi wengi tunaofanya kazi Dar es Salaam huwapeleka watoto kwa bibi Desemba. Tunashuka basi Nyololo, wilayani Mufindi, tunakuta mvua, mahindi yangali machanga shambani na akiba ya ghalani inapungua. Watoto wanarudi mjini wakijua kijiji ni matope na sikukuu.

Mwaka jana binti yangu, yupo darasa la tano, aliona kwenye simu yangu picha ya zamani ya Marekani, 'Home to Thanksgiving'. Kampuni ya Currier and Ives ya New York iliichapa mwaka 1867 kutokana na mchoro wa George Henry Durrie. Theluji imefunika paa na uwanja wa nyumba ya shamba, na wenyeji wanawapokea wageni mlangoni. Picha za kampuni hiyo ziliuzwa kwa bei nafuu, watu wa kawaida wakazitundika ukutani, wakati Wamarekani wengi wakihamia mijini.

"Mama, mbona wanakwenda kwao kwenye baridi?"

Nikamweleza kwamba Siku yao ya Shukrani huwa mwishoni mwa Novemba. Mavuno yameshaingia ndani, chakula kipo.

"Kwa bibi baridi ni lini?"

Juni na Julai. Huku kwetu hakuna theluji, lakini ukungu hushuka hadi mlangoni, na kuna asubuhi nyasi za bondeni huwa nyeupe kwa umande ulioganda. Ndiyo miezi ya kuvuna na kupukuchua mahindi. Mama yangu huifanya kazi hiyo karibu na moto, amejifunika blanketi, vidole vikimuuma kwa baridi. Wajukuu wake hawajawahi kumwona hivyo.

Likizo ya Juni tulikwenda. Siku ya kwanza watoto walilalamika baridi. Siku ya tatu walikuwa wakishindana nani atajaza debe kwanza, na bibi akiwasimulia jinsi babu yao alivyojenga lile ghala. Jioni akaniambia, "Mwanangu, Desemba huwa mnakuja kula. Safari hii mmekuja kuweka."

Mzazi mwenzangu, Desemba tuendelee kwenda. Lakini ukipata hata siku tano za Juni, wafungie watoto masweta na soksi nzito, uwapeleke. Bibi ana kazi nyingi zaidi miezi ambayo hana wageni.