Katikati si Nusu: Somo la Kabureta



Katika falsafa tunajifunza kwa Aristotle kwamba fadhila hukaa katikati, baina ya kuzidi na kupungua. Ni rahisi kuliandika jambo hilo kwenye mtihani. Likizo iliyopita nililiona kwa macho na kulisikia kwa masikio, nikimshikia bisibisi fundi mzee wa parokia yetu.

Parokia inalo katapila kuukuu la minyororo, Caterpillar D4, lililoachwa na wamisionari. Mvua zilikuwa zinakaribia na lambo la kijiji lilikuwa limejaa tope. Lisipochimbwa kabla ya mvua, watu na ng'ombe wangegombea maji tena kiangazi kijacho.

Injini kubwa ya katapila hilo ni ya dizeli, lakini haina starta ya umeme. Ina injini ndogo ya petroli yenye silinda mbili, ambayo kazi yake ni kuizungusha ile kubwa mpaka ishike. Ndogo isipowaka, kubwa haiamki.

Hiyo ndogo iliwaka choki ikiwa imefungwa, ikazimika kila choki ilipofunguliwa. Fundi akasema, "Frateri, hii ina njaa." Akafungua kabureta. Petroli iliyokaa muda mrefu hukauka na kuacha utando kama gundi, nao ulikuwa umeziba jeti. Hakuuchokonoa kwa waya wa chuma, maana tundu la jeti limepimwa, na likikwaruzwa hupanuka wala halirudi. Aliiloweka jeti katika petroli safi, kisha akaipuliza kwa pampu ya baiskeli. Ilichukua mchana mzima.

Ndipo ikaja kazi ya kurekebisha. Alifunga skrubu ya mchanganyiko polepole hadi mwisho, akairudisha mzunguko mmoja na nusu. Huo ulikuwa mwanzo tu. Petroli ikipungua, injini hupiga chafya kupitia kabureta. Ikizidi, hutoa moshi mweusi na plagi hujaa masizi. Kilo 1 ya petroli huhitaji karibu kilo 15 za hewa ili iungue vizuri, kwa hiyo katikati ya injini si nusu kwa nusu. Fundi alizungusha skrubu kidogo kidogo, akisikiliza, mpaka mlio ukatulia.

Aristotle alitoa mfano wa Milo, mwanamieleka: chakula kinachomtosha yeye kitamzidi anayeanza mazoezi. Katikati ya fadhila haipatikani kwa kugawa mbili, bali kwa busara inayomtazama mtu huyu, katika hali hii. Mtakatifu Thomas wa Akwino naye alifundisha kwamba ni busara inayoonyesha katikati hiyo ilipo.

Hata koo la kabureta lina uhusiano na sisi. Hewa ikipita penye wembamba huongeza kasi, mgandamizo wake hupungua, na petroli huvutwa ndani. Koo hilo linaitwa kwa jina la Giovanni Battista Venturi, Mwitaliano aliyepewa upadre mwaka 1769 na kufundisha mantiki katika seminari ya Reggio Emilia.

Siku ya tatu dizeli ilishika, na katapila likateremka lamboni. Sehemu kubwa ya tope iliondolewa kabla ya mvua ya kwanza.

Ndugu zangu mafrateri, tunaandaliwa kuongoza watu. Ukali unaomwamsha kijana mmoja humzima mwenzake, na upole unaomponya huyu humlegeza yule. Vitabu vitatupa ule mzunguko mmoja na nusu wa kuanzia, navyo tuvisome kwa bidii. Yanayobaki yanataka sikio na subira. Likizo ijayo, kama parokiani kwenu kuna fundi mzee, mwombe ukae naye siku moja umshikie bisibisi.