Alipopasuliwa mgongo, nyumba nzima ilijifunza kubeba

Ilikuwa Julai, ukungu ukiwa umeshuka hadi kwenye migomba ya Uru, nje kidogo ya mji wa Moshi. Mama wa watoto watatu alikuwa na siku tatu tu tangu arudi kutoka hospitali alikofanyiwa upasuaji wa mgongo. Kitindamimba wake, mwenye miaka miwili na nusu, akajikwaa uani na kuanza kulia. Mama alifika mlangoni, akanyoosha mikono, kisha akakumbuka na kuirudisha. Aliyembeba mtoto ni bibi yake.

“Mama hanipendi,” mtoto alisema akiwa begani kwa bibi. Watu wazima walicheka. Mama hakucheka. Kidonda alikizoea haraka kuliko neno hilo.

Maumivu yalikuwa yamemwandama kwa karibu miaka miwili. Yalianzia kiunoni, yakashuka kwenye paja la kushoto hadi kidole gumba cha mguu. Alisema ni uchovu. Alfajiri alikata majani ya ng'ombe, akabeba maji, na siku za soko akateremka na ndizi hadi Mbuyuni. Alichuliwa, akameza dawa za maumivu, akaendelea. Kilichomtisha ni kandambili. Siku moja alifika nyumbani na mguu mmoja peku, bila kujua kandambili imemvuka wapi. Mguu ulikuwa umeanza kufa ganzi na kuburuta.

Katikati ya pingili za uti wa mgongo kuna diski, mithili ya mito midogo inayopunguza mshtuko. Diski ikichomoza inaweza kukandamiza mshipa wa fahamu unaokwenda mguuni. Wagonjwa wengi wa tatizo hili hupata nafuu bila kisu, kwa dawa, muda na kuendelea kujishughulisha kwa kiasi. Upasuaji hufikiriwa maumivu yanapogoma kuondoka, au mguu unapopoteza nguvu kama ilivyokuwa kwake. Daktari huondoa kipande kinachokandamiza mshipa.

Nyumbani, wengi waliamini kwamba baada ya hapo kazi yake ni kulala. Majirani walikuja na mtori, sukari na sabuni, na kila mmoja aliaga kwa maneno yaleyale: “Pole mama, lala, usinyanyuke.”

Lakini hospitalini walimsimamisha siku ya pili tu. Mtaalamu wa fiziotherapia alimfundisha kutoka kitandani kama gogo: ajigeuze mzima mzima alale ubavu, ateremshe miguu, kisha ajisukume kwa mikono. Kwa wiki sita za mwanzo alipewa makatazo matatu: asiiname, asijipinde, asibebe kitu kizito kuliko birika la chai. Na agizo moja: atembee kila siku.

Agizo hilo ndilo lililoleta mgogoro.

“Umepasuliwa mgongo, halafu unazunguka njiani watu wakuone?” mama mkwe wake aliuliza. “Watasema mimi ndiye ninayekutuma kazi.”

Hakuwa mkorofi. Alikuwa akilinda heshima ya nyumba yake kwa namna aliyoijua. Mume, ambaye ni fundi seremala, alijikuta katikati ya mama yake na mke wake. Hakubishana. Siku ya kliniki iliyofuata aliwachukua wote wawili.

“Bibi, mwache atembee,” mtaalamu alimwambia mzee. “Mnyime ndoo tu.”

Kisha akamweleza kwamba kulala mchana kutwa hulegeza misuli inayoushika mgongo, na damu ikituama miguuni inaweza kuganda. Bibi alirudi nyumbani kimya. Kesho yake asubuhi alimletea mkwe wake fimbo ya kutembelea.

Sasa likaja swali la wapi pa kutembea. Uru, kama vijiji vingi vya mlimani, kila njia ama inapanda ama inashuka, na kushuka kwenye udongo wenye utelezi ni hatari kwa mgonjwa anayeburuta mguu. Jibu lilikuwa nyuma ya kihamba chao, kwenye mfereji. Wazee wa Kichaga walichimba mifereji hiyo kuleta maji ya mito ya mlimani hadi mashambani, wakiipitisha ubavuni mwa mlima ili maji yatiririke taratibu. Kwa hiyo njia inayofuata mfereji huwa karibu tambarare.

Siku ya kwanza alikwenda hadi mparachichi wa jirani na kurudi, dakika tano. Akapumzika, jioni akarudia. Kila baada ya siku chache aliongeza kidogo. Bibi alikuwa nyuma yake, mjukuu mgongoni.

Nyumba nayo ilibadilika. Mume alitengeneza meza imara ya jiko, ili mkewe apike akiwa amesimama wima. Ndoo ya lita 20, ambayo ikijaa maji ina uzito wa kilo 20 na zaidi, ikaachwa. Wakubwa wawili wakachota kwa madumu madogo. Mkungu wa ndizi ukaanza kusafiri kwa toroli. Kijana wa miaka 13 akachukua kazi ya majani ya ng'ombe, kwa sharti kwamba hapandi mti kuyakata. Sharti hilo lina sababu. Utafiti wa majeraha ya uti wa mgongo kaskazini mashariki mwa Tanzania, uliochapishwa mwaka 2017, ulionyesha kuwa kuanguka ndiyo sababu kubwa ya majeraha hayo.

Wiki ya tano mama alikosea. Maumivu ya mguu yalikuwa yamekwisha, hakuna mtu uani, akanyanyua mkungu mdogo. Alilala siku mbili akiuma meno. Kliniki hawakuona kilichoharibika, lakini aliambiwa jambo ambalo hakulisahau: ngozi hufunga ndani ya wiki mbili hivi, ndani huchukua muda mrefu zaidi, na kukosa maumivu si kupona.

Baada ya wiki sita alifundishwa mazoezi ya misuli ya tumbo na makalio. Alilala chali, akakunja magoti na kunyanyua nyonga. Aliketi na kusimama kutoka kwenye kigoda bila kushika kitu. Vilima vilikuja baadaye, kwanza vifupi. Kila hatua mpya aliiulizia kliniki kabla ya kuijaribu, kwa kuwa upasuaji hutofautiana na zoezi linalomfaa mmoja linaweza kumdhuru mwingine.

Familia ilipewa pia dalili za kutongoja kesho: kushindwa kuzuia au kutoa mkojo, kushindwa kuzuia haja kubwa, ganzi sehemu za siri, mguu kuishiwa nguvu ghafla, homa, kidonda kutoa usaha, au ndama ya mguu kuvimba na kuuma. Mume aliziandika kwa chaki ukutani, karibu na mlango.

Mwishoni mwa Februari Moshi hujaa wageni wa Kilimanjaro Marathon, mbio zilizoanza mwaka 2003. Wapo wa kilomita 42, wapo wa 21, na wapo wa kilomita tano ambao wengi huenda kifamilia. Alimuuliza daktari. Akaruhusiwa kutembea, si kukimbia. Alizimaliza kilomita tano na kijana wake, wakiwa nyuma ya mzee mmoja na mtoto wa chekechea, viatu vyote viwili vikiwa miguuni.

Walipofika nyumbani, kitindamimba alikimbia kumlaki na kuinua mikono. Mama alivuta kigoda, akaketi, akasubiri. Mtoto alipanda mwenyewe mapajani, akajilaza kifuani.

Mgongoni bado hambebi. Kazi hiyo imebaki kwa bibi.