Nyota Tano za Mwaka Gani?

Tunatafuta SUV ya familia, na kwa bei moja tumepata mbili: ya zamani yenye viti vya ngozi, na ya karibuni isiyo na mbwembwe. Dalali anasema zote nyota tano. Shoga yangu, muulize: za mwaka gani? Euro NCAP wanayagongesha magari kuyapima tangu 1997, na masharti yanazidi kukazwa. Nyota tano za 2009 si za 2020. Tena linganisha magari ya uzito unaokaribiana. Sisi mafundi cherehani tunajua: kipimo cha mwaka juzi hakimshonei bi harusi wa leo. Nimechagua ya karibuni, yenye mifuko ya hewa ya pembeni. Wanangu ndio watakaokaa nyuma. Mkanda kwanza, kisha tawakkul.