Mfuko wa chakula ukigoma

Wadau, samahani kwa ukimya wa karibu mwezi mzima. Nilikuwa nauguza. Baba mdogo alifanyiwa operesheni ya kongosho, na nataka niandike kuhusu kitu kimoja ambacho hakuna aliyetuambia mapema, maana kilitutoa jasho kuliko operesheni yenyewe.

Operesheni hiyo inaitwa Whipple, jina la daktari wa Marekani, Allen Whipple, aliyeielezea mwaka 1935. Mjerumani Walther Kausch alikuwa ameshafanya ya aina hiyo mwaka 1909. Ni kazi nzito jamani. Wanatoa kichwa cha kongosho, mwanzo wa utumbo mwembamba, mfuko wa nyongo na kipande cha mrija wake, halafu wanaunganisha upya kilichobaki.

Baba mdogo akatoka salama. Siku ya tano akapewa uji mwepesi, ukarudi wote. Kesho yake hivyo hivyo. Mpira wa puani uliokuwa umeshatolewa ukarudishwa. Hapo maneno yakaanza. Mmoja akasema mzee anadeka. Mwingine akasema madaktari wameunganisha vibaya. Mama mdogo, kwa huruma tu, akawa anamwingizia supu kwa siri kwenye chupa ya chai.

Nikamfuata daktari wa zamu nikamwomba anieleze kama anavyomweleza mtoto. Akasema: ule mwanzo wa utumbo uliotolewa ndio unaotengeneza kwa wingi homoni iitwayo motilini, ambayo huuamrisha mfuko wa chakula ujikamue. Ikipungua, na mishipa ya fahamu ikiwa imeguswa, mfuko unalegea. Hakuna kilichoziba, ila chakula kinakaa pale pale. Ndiyo maana supu ya siri ni hatari: mgonjwa akitapika amelala, inaweza kuingia kwenye mapafu ikamuua.

Kumbe tatizo hili linajulikana kabisa. Mwaka 2007 kundi la kimataifa la madaktari wa upasuaji wa kongosho lililipanga katika madaraja matatu, A, B na C, kwa kuangalia mpira umekaa siku ngapi na mgonjwa ameshindwa kula chakula kigumu hadi lini. Daraja C ni pale mpira unapozidi siku 14, au chakula kigumu kikishindikana hadi siku ya 21. Wakati mwingine chanzo ni usaha au kongosho kuvuja ndani, kwa hiyo lazima wapime kwanza. Kuna na dawa: erithromaisini, ile ile tuliyozoea kupewa kwa kifua. Inaiga kazi ya motilini. Utafiti wa Johns Hopkins wa mwaka 1993 ulionyesha inapunguza tatizo hili.

Niliwaita ndugu wote nje ya wodi nikawaeleza. Mama mdogo alilia, akaniuliza, "Kwa hiyo mwanangu, kumpenda ni kumnyima?" Nikamwambia kwa wiki hii, ndiyo, mama. Chupa ikarudi nyumbani. Siku ya 16 mzee akala ndizi za kupondwa, vijiko vinne, zikakaa.

Ukiwa na mgonjwa wa operesheni hii, muulize daktari kabla: mfuko ukigoma mtafanya nini, atalishwa kwa njia gani, nani ataturuhusu kumpa chakula? Halafu wakusanye shangazi zako wote wasikie jibu kwa masikio yao. Ukiwaambia wewe hawatakuamini.