Kununua Farasi wa Uhispania

Kuna vitu ambavyo mtu huvinunua, akavitia kapuni, akarudi navyo nyumbani, na shauri likaisha papo hapo. Sukari haiulizwi nasaba yake, wala shati halina tabia. Lakini mnyama aliye hai si sukari wala shati. Ana damu, ana hulka, ana historia, na pengine ana maradhi yaliyojificha. Kwa hiyo amnunuaye hununua pia mambo mengi asiyoyaona. Katika kurasa hizi nataka kueleza namna farasi mmoja alivyonunuliwa Uhispania akavushwa bahari mpaka Marekani, kwa sababu katika shughuli ile nilitambua kwamba busara ya mnunuzi hupimwa kwa kile anachokubali kukiacha, kama inavyopimwa kwa kile anachokichukua.

Mimi ni mtoto wa saisi. Baba yangu alitunza farasi katika shamba moja upande wa Nanyuki, na utoto wangu ulipita baina ya harufu ya nyasi kavu na mshindo wa kwato. Nilipokwenda Marekani kutafuta riziki, kazi niliyoipata katika jimbo la Virginia ilikuwa ile ile ya baba, kwa bibi mmoja ambaye hufundisha watu kupanda farasi. Bibi huyu alikuwa na haja moja moyoni. Kwa muda wa miaka tisa alikuwa akiweka akiba kidogo kidogo ili apate farasi wa Kihispania. Haikuwa akiba ya tajiri. Kama ingalipotea, hapakuwa na nyingine nyuma yake. Siku ilipotimu aliniomba tufuatane. "Macho yangu yatapenda upesi," alisema. "Nataka macho mengine yasiyopenda upesi."

Haja yake haikuwa ya upuuzi. Farasi huyo, ambaye kwao huitwa Pura Raza Española, yaani uzao safi wa Kihispania, na ambaye nchi nyingine humwita farasi wa Andalusia, ana sifa kongwe. Katika karne ya 16 Mfalme Philip wa Pili alijenga mazizi ya kifalme katika mji wa Córdoba ili farasi bora wa nchi yake wazalishwe humo. Meli za safari ya pili ya Columbus, mwaka wa 1493, zilipakia farasi wa Uhispania, na hao wakawa miongoni mwa wazee wa farasi wengi wa Amerika. Farasi weupe mashuhuri wa Vienna wana damu hiyo hiyo, na chuo wanachochezea hubeba jina la Uhispania mpaka leo, ingawa kimo katika nchi ya Austria.

Umbo lake hutambulika kwa mbali. Shingo ni nene na imepindika kama upinde. Singa ni ndefu na nzito. Mgongo ni mfupi, na miguu huinuliwa juu kwa madaha. Tabia yake aghalabu ni ya utulivu na usikivu. Wengi wao ni wa rangi ya kijivu, nao huzaliwa weusi au kahawia, kisha huenda wakifanyika weupe mwaka baada ya mwaka. Weupe huo una kodi yake. Farasi wengi wa kijivu wapitao umri wa miaka 15 huota chini ya ngozi uvimbe wa aina ya saratani, hasa chini ya mkia. Wahenga walisema kwamba uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Na amtazamaye farasi hana budi kukumbuka methali hiyo kila anapofungua mlango wa zizi.

Tulifika Jerez, mji wa kusini ulio na chuo mashuhuri cha sanaa ya kupanda farasi kilichoanzishwa mwaka wa 1973. Tukazunguka mashamba kwa siku kadhaa. Farasi wa kwanza aliyempendeza bibi alikuwa mzuri kwa kila hali, lakini hati zake hazikuwa nzuri. Kila farasi wa uzao huu huandikwa katika daftari la nasaba lililofunguliwa mwaka wa 1912, ambalo tangu mwaka wa 2007 limeendeshwa na chama cha wafugaji kiitwacho ANCCE. Baba na mama yake huthibitishwa kwa kupimwa vinasaba, na chini ya ngozi ya shingo yake hutiwa kidude kidogo chenye namba, ambacho husomwa kwa chombo maalumu. Tuliomba chombo hicho. Namba iliyosomwa shingoni haikuwa namba iliyoandikwa katika pasipoti ya farasi. Muuzaji alicheka, akasema kwamba hayo ni makosa ya makarani tu, na hati sahihi zitafuata kwa posta baada ya malipo. Tulimshukuru tukaondoka. Mali bila daftari hupotea bila habari, na fedha iliyokwisha vuka mkono haifuati hati. Hati ndiyo hutangulia fedha.

Siku ya nne tulimwona farasi dume mweupe, mwenye umri wa miaka tisa. Nimeishi na farasi tangu utotoni, lakini sijapata kuona mnyama aliyejaa kiwanja namna ile. Alipotembezwa, alitembea kama mwenye nyumba. Alipopandwa, alisikiliza mguso mdogo wa mguu kama mtu asikilizavyo jina lake. Bibi alimpanda kwa muda wa nusu saa, na aliposhuka sikuwa na haja ya kumwuliza neno. Kizuri chajiuza, na yule alikuwa amekwisha jiuza.

Hata hivyo kabla ya malipo tulimwita daktari wa mifugo ambaye hakuwa na uhusiano na muuzaji. Jambo hili ni kubwa, maana daktari anayelipwa na muuzaji ana mabwana wawili. Alisikiliza moyo na mapafu, akatazama macho na meno. Alikunja mguu mmoja mmoja, akaushika hivyo kwa kiasi cha dakika moja, kisha akaamuru farasi akimbizwe papo hapo, kwa kuwa kiungo chenye ila husema baada ya kubanwa. Akapiga picha za eksirei za miguu na mgongo. Yote yalikuwa salama. Mwisho akatoa damu ikapelekwa maabara, na sisi tukangoja.

Majibu yalikuja baada ya siku chache. Katika damu ya farasi yule mliwamo alama za Theileria equi. Kiini hicho ni ndugu wa kile kinacholeta ndigana katika ng'ombe wetu, nacho pia huenezwa na kupe. Ni cha kawaida katika nchi za kusini mwa Ulaya. Farasi aweza kuugua akapona, akanenepa na kung'aa, huku amebeba viini hivyo damuni kwa miaka mingi bila dalili yoyote. Marekani hukataa kumpokea farasi wa namna hiyo. Akifika na kupimwa karantini akaonekana nacho, hurudishwa alikotoka kwa gharama ya mwenyewe.

Hapo ndipo jaribu lilipokuja. Mwenye farasi alipunguza bei kwa robo nzima. Dalali mmoja akatuvuta kando, akanong'ona kwamba zipo dawa za kufifiza alama hizo katika damu mpaka farasi apite karantini. Baadaye, alisema, nani atauliza? Bibi alinyamaza kimya. Mimi niliwakumbuka farasi 11 tuliowaacha nyumbani, na kupe walio katika majani ya malisho yao. Nikamwambia, "Bibi, huyu akipita kwa hila, hatapita peke yake."

Watu wengine hudhani kwamba sheria za karantini ni inda ya serikali, zilizotungwa ili kuwasumbua wenye mali. Uhispania yenyewe ina ushahidi wa kinyume. Mwaka wa 1987 punda milia kutoka Namibia walipelekwa katika bustani moja ya wanyama karibu na Madrid. Walionekana wazima, lakini damuni mwao mlikuwa na ugonjwa wa farasi wa Kiafrika, maradhi ambayo punda milia huyabeba bila taabu na ambayo huua farasi kwa wingi na kwa upesi. Usubi wakauma punda milia, wakauma farasi. Maradhi yakarudi mwaka baada ya mwaka mpaka 1990, farasi wengi wakafa, na biashara ya farasi wa nchi ile ikafungiwa milango mingi. Kwetu Kenya maradhi hayo tunayajua. Ndiyo sababu farasi wetu huchanjwa, na ndiyo sababu baba yangu hakukubali jua litue hali farasi wake wangali nje, maana usubi huuma sana kuanzia magharibi mpaka alfajiri. Nilipokuwa mtoto niliona ni udhia kuacha mchezo kila jioni ili kuwakusanya farasi. Jioni ile kule Jerez niliuona udhia ule kuwa ni elimu.

Bibi alikwenda zizini peke yake. Akasimama kitambo, mkono wake juu ya shingo ya yule farasi mweupe, kisha akarudi. Nikamwambia, "Pole, Bibi." Akajibu, "Sikumpoteza, Bwana. Hakuwa wangu." Usiku ule hakula chakula.

Ilitupasa kuanza upya. Katika shamba dogo la mlimani tulimkuta farasi wa rangi ya hudhurungi, maksai, mwenye umri wa miaka minane. Hakuwa na weupe wa kushangaza watu, na gotini alikuwa na kovu dogo la utotoni. Lakini namba ya shingoni ilikuwa sawasawa na namba ya pasipoti, hati ya umiliki ilikuwa kwa jina la yule aliyekuwa akituuzia, miguu ilikuwa safi katika picha, na damu ilikuwa safi katika maabara. Bibi alipokuwa amempanda, pikipiki ilipita kwa kelele karibu na ua. Farasi aligeuza sikio moja, akaendelea na kazi yake.

Kuwa kwake maksai kulikuwa na faida nyingine. Uko ugonjwa wa uzazi wa farasi ambao Marekani huuogopa, na kwa ajili yake farasi dume atokaye Ulaya huwekwa tena karantini, akapimwa na kupandishwa kwa majike wawili ambao nao hupimwa. Jike naye hupimwa kwa siku nyingi. Shughuli hiyo yaweza kuchukua wiki kadhaa, na kila siku ina bei yake. Maksai husamehewa. Hivyo mnunuzi asiyekusudia kuzalisha farasi hana sababu ya kulipia kizazi asichokihitaji.

Safari yenyewe ni somo la pekee. Farasi alisafirishwa kwa lori la farasi kutoka Andalusia mpaka Amsterdam, njia ipitayo kilomita 2,000, akipumzishwa zizini njiani. Huko akaingizwa katika sanduku kubwa lenye nafasi za farasi wawili au watatu, na sanduku likapandishwa katika ndege ya mizigo. Mimi nilisafiri pamoja naye. Watu hudhani kwamba hatari kubwa ni ndege kutikisika. Kumbe iko hatari nyingine ya kimya: farasi aliyefungwa kichwa juu kwa muda mrefu hawezi kukiinamisha ili kutoa vumbi na makamasi, na uchafu huo ukishuka mapafuni huleta homa iwezayo kumwua. Kwa hiyo tulimlegezea kamba kila ilipowezekana, tukamnywesha maji mara kwa mara na kulowesha nyasi zake. Ndege ilipopaa alitetemeka kidogo, akaegemeza uso wake begani pangu, kisha akaanza kutafuna.

Tulipofika New York, farasi alichukuliwa na maofisa wa serikali akawekwa karantini siku tatu. Bibi hakuruhusiwa kumwona. Damu ilipimwa tena, na kwa siku zile tatu akiba ya miaka tisa ilikuwa ndani ya chupa ndogo ya maabara. Majibu yalikuwa safi. Tukamchukua mpaka Virginia, tukamtenga na wenzake kwa wiki mbili, nami nikampima joto asubuhi na jioni. Gharama za safari, madaktari na karantini zilipojumlishwa, zilikaribia bei ya farasi mwenyewe. Anunuaye farasi ng'ambo na kuhesabu bei ya zizini tu, amehesabu nusu ya deni.

Farasi yule sasa hufundisha watoto. Wapo waliomwogopa farasi kabisa, nao leo humpanda bila kushikiwa hatamu. Wageni wajapo hawamtazami kwanza yeye. Huwatazama wenzake walio warefu na weupe. Bibi hupata furaha yake anapomwona mtoto mwoga akishuka mgongoni kwa kicheko.

Ninyi vijana msomao maneno haya, huenda wengi wenu msinunue farasi hata siku moja. Lakini mtanunua ng'ombe, mtanunua shamba, mtaingia katika mikataba, na kila mara patakuwapo kitu cheupe kinachong'aa na mtu wa kuwanong'oneza kando. Someni hati, pimeni damu, ulizeni asiyepata faida kwa jibu lake. Mkiisha kufanya hivyo, na jibu likawa baya, kubalini kulala njaa usiku mmoja. Kesho iko njia ya kwenda shamba jingine.