Safari ya Kilwa na Nyaya za Betri

Katika mwezi wa Shaabani uliopita Mwenyezi Mungu alitujaalia kufunga safari ya Kilwa kwa pikipiki, sisi na kijana mmoja tuliyemsomesha chuoni, kila mtu na chombo chake. Wengi wametuuliza habari za Kilwa, na kidogo tutazitoa. Lakini liko jambo la njiani ambalo twaona lina faida zaidi kwa vijana wetu, nalo ni la nyaya mbili za betri.

Kutoka Dar es Salaam mpaka Kilwa Masoko ni mwendo wa kiasi cha kilomita 300. Mtu hupita Mbagala, Mkuranga, Kibiti na Ikwiriri, na mpaka hapo njia ina watu: mikorosho na minazi huku na huku, wauza maembe, na mafundi chini ya miti. Kisha waja Mto Rufiji. Zamani msafiri alivuka kwa kivuko cha Ndundu, na mto ukijaa alikaa akingoja. Tangu mwaka 2003 liko daraja lililopewa jina la Rais Benjamin Mkapa, ambalo urefu wake wakaribia kilomita moja, nasi tulilivuka polepole tukitazama maji. Baada ya daraja hilo vijiji hupungua na pori huzidi. Ndiyo njia ile ile iliyokatwa na maji kule Somanga mwaka 2024, wakati wa mvua kubwa na kimbunga Hidaya, magari yakakwama pande zote mbili. Katika njia ya namna hii gereji ya msafiri ni ile aliyoichukua mwenyewe.

Sisi tulikuwa tumechukua, pamoja na pampu na viraka, nyaya ambazo mafundi huziita nyaya za kubusti: waya mwekundu na waya mweusi, kila mmoja na vibanio viwili, kwa ajili ya kupeleka umeme kutoka betri nzima kwenda betri iliyokufa. Pikipiki za zamani hazikuwa na haja nazo sana, kwani mtu alipiga kiki ikawaka. Ama nyingi kati ya hizi kubwa za leo za safari ndefu hazina kiki kabisa, na zile ambazo petroli yake husukumwa kwa pampu ya umeme, betri ikifa kabisa hata ukiisukuma kilima kizima haiwaki. Kijana wetu alikubali hayo, lakini aliona nyaya zetu ni nzito mno. Kwa pikipiki, alisema, nyaya nyembamba zatosha, nazo hukunjwa zikaingia chini ya kiti. Na kwa hakika alisema kweli. Zetu zilikuwa za gari, shaba ya milimita 25 za mraba, urefu wa mita tatu, zimejaza nusu ya mkoba wa pembeni.

Tulipokuwa hatujafika Somanga, yapata saa nane kasoro, tulikuta gari dogo la abiria limesimama mbele ya msikiti mdogo wa kando ya njia. Ndani yake walikuwa watu wa nyumba moja, wakienda Kilwa Kivinje kumzika ndugu yao baada ya sala ya Alasiri. Walikuwa wamesimama kusali Adhuhuri, taa zikasahauliwa, na betri iliyokuwa imekwisha choka ikafa. Gari lenyewe lilikuwa la otomatiki, nalo halisukumwi likawaka. Magari mawili yalikuwa yamekwisha simama kabla yetu kwa moyo mwema, lakini hakuna lililokuwa na nyaya, yakaenda zake. Mbele aliketi bibi mmoja mzee, dada wa marehemu. Tulipomwamkia shikamoo aliitikia, kisha akauliza, "Maalim, nitawahi kumwona ndugu yangu?" Tukamwambia, "Inshaallah, Bibi, utawahi." Na bado walikuwa na mwendo wa zaidi ya saa moja.

Betri ya pikipiki ni ndogo, haiwezi kuamsha injini ya gari. Kwa hiyo tulikuwa na waya bila umeme. Tukasimama kupunga mikono mpaka lori moja la mizigo likasimama, na dereva wake akashuka, mtu mcheshi. Alipoziona nyaya akasema, "Maalim, hizi za pikipiki au za meli?"

Hapa twawaomba vijana wasome kwa makini. Gari dogo na pikipiki nyingi za leo ni za volti 12, lakini malori makubwa mengi ni ya volti 24, kwa betri mbili za volti 12 zilizoungwa moja nyuma ya nyingine. Mwenye kubana waya wake kwenye ncha mbili za mwisho hupeleka volti 24 katika chombo cha 12, na huweza kuunguza vyombo vyote vya umeme. Utingo alikuwa tayari ameshika kibanio kwenda huko, na kijana wetu akamzuia. Tukachukua umeme wa betri moja tu, ile ambayo hasi yake imefungwa kwenye chuma cha lori, na magari yasigusane, na injini ya lori imezimwa. Waya mwekundu kwanza kwenye chanya ya betri iliyokufa, kisha kwenye chanya ya betri nzima. Waya mweusi kwenye hasi ya betri nzima, na mwisho wake si kwenye betri iliyokufa, bali kwenye chuma kitupu cha injini, mbali na betri, kwa sababu betri hutoa hewa inayoshika moto na cheche ya mwisho huruka pale unapobana. Kufungua ni kinyume chake. Na pikipiki ikiamshwa kwa gari taratibu ni hiyo hiyo.

Tulingoja dakika chache, dereva akajaribu, injini ikawaka. Nyaya zile nyembamba zingepata moto kabla ya hapo. Dereva yule alitaka kutoa fedha, lakini mwenye lori akamwambia, "Mimi nimetoa umeme, Maalim katoa waya, wewe toa dua." Tukamwusia asizime injini mpaka Kivinje, wakaondoka.

Kijana wetu alikaa kimya kitambo, kisha akauliza maana ya neno Maaun, lililo jina la sura ya 107. Tukamkumbusha aliyoyasoma: sura hiyo fupi ya aya saba yawakemea wanaoghafilika na sala zao na wanaozuia maaun. Wako wafasiri waliosema kuwa ni zaka, na imepokewa kwa Bwana Abdullahi bin Masud (R.A.) kwamba ni vile vitu ambavyo watu huazimana, kama shoka, chungu na ndoo. Siku hizi chungu cha jirani huazimwa kwa nadra, lakini betri hufa kila siku.

Kilwa tulifika kabla ya Magharibi. Asubuhi tuliziacha pikipiki Masoko, tukakata kibali, tukavuka kwa jahazi mpaka Kisiwani, mahali palipoingizwa mwaka 1981 katika orodha ya urithi wa dunia. Tulisimama katika Msikiti Mkuu chini ya kuba zake. Ibn Battuta alifika hapa mwaka 1331, akamkuta Sultani Hasan bin Sulaiman, ambaye watu walimwita Abul Mawahib, yaani baba wa vipaji, kwa wingi wa utoaji wake. Naye amesimulia kwamba fakiri mmoja alimwomba nguo alizovaa, akampa. Jumba lake la Husuni Kubwa sasa ni kuta juu ya mwamba wa bahari, na mbuzi hulisha uani.

Tuliporudi Masoko, kijana wetu aliingia dukani kutafuta nyaya zake. Alionyeshwa zilizo nene kwa macho, lakini muuzaji alipomkatia ncha kidogo, ndani zilikuwa alumini iliyopakwa rangi ya shaba. Akazirudisha, akasema atangoja mpaka Dar es Salaam.